Churchill kwa Jicho la Tanga

Oktoba 1907 Winston Churchill alishuka Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 32, naibu waziri wa makoloni, mtu wa maneno mengi na haraka nyingi. Kwenye reli ya Uganda aliketi katika benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili awaone wanyama vizuri. Akavuka Ziwa Victoria, akateremka na Mto Nile hadi Misri, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari hiyo. Tanga hakupita. Kuanzia Jasini kuja kusini ilikuwa nchi ya Mjerumani, na waziri wa Kiingereza hakuwa na lake huku.

Hata hivyo, wako wazungu wengi walioishi Tanga miaka na miaka bila kuyagusa maisha ya watu wa mwambao huu kama alivyoyagusa yeye akiwa London.

Mara ya kwanza ilikuwa 1914. Churchill alikuwa waziri wa jeshi la majini. Agosti ile, makamanda wa manowari za Kiingereza walipatana na Wajerumani kwamba miji ya Tanga na Dar es Salaam isishambuliwe. Wizara ya Churchill ilikataa kuyaidhinisha mapatano hayo. Novemba 2 manowari ya Fox ikaingia ghuba ya Tanga, na nahodha wake, Caulfeild, akamwambia mkuu wa wilaya, Auracher, kwamba mapatano hayapo tena na mji usalimu amri. Ustaarabu huo uliwagharimu. Mjerumani alipata muda wa kuleta askari kwa treni kutoka Moshi, na jeshi la watu wapatao 8,000 lililotoka India chini ya Jenerali Aitken, likashukia Ras Kasone, likakuta kikosi cha kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, cha watu wapatao 1,000 kikilisubiri. Waingereza na Wahindi zaidi ya 800 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, na waliobaki wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi ufukweni. Simulizi za mjini husema nyuki ndio waliomfukuza Mwingereza. Nyuki walikuwapo kweli, lakini sifa wamepewa kupita kiasi: reli ya Usambara ndiyo iliyoshinda vita vile.

Tusimtwike Churchill mzigo wote; kushuka kule hakukupanga yeye. Lakini miezi michache baadaye alisukuma mpango wa namna hiyohiyo, wa kushusha askari kutoka baharini kwa kumdharau adui, huko Gallipoli, na kushindwa kwake ndiko kulikomtoa wizarani Mei 1915.

Aliporudi katika mambo yetu alikuwa waziri wa makoloni, kuanzia Februari 1921 hadi Oktoba 1922. Katika kipindi chake Umoja wa Mataifa wa wakati ule uliithibitisha Tanganyika kuwa chini ya udhamini wa Uingereza, Julai 1922, na mwaka huohuo sheria ikaufuta utumwa nchini. Kwa Pangani na Tanga, ambako Mjerumani alikuwa ameuacha ufe polepole, hilo halikuwa jambo la makaratasi tu. Walikuwapo bado watu waliohesabiwa kuwa mali ya wengine.

Kisha Mei 1940 akawa Waziri Mkuu, na mkono wake ukatufikia kupitia mkonge.

Zao hilo lililetwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, likaanzia Kikogwe karibu na Pangani. Vita vilipoanza soko la Ulaya lilifungwa, na mkonge ukazidi mahitaji. Mambo yakageuka mapema 1942, Japani ilipoteka Ufilipino na Java, kulikotoka nyuzi nyingi za kamba. Meli za kivita haziendi bila kamba, na ghafla Tanganyika ikawa ghala la Washirika. Serikali ya London ikanunua mzigo wote kwa bei iliyoipanga yenyewe.

Wa kuukata wakawa hawatoshi. Manamba, vibarua wa mashambani, walikuwa wakija siku zote kutoka bara kutafuta pesa ya kodi, ila sasa wengine waliletwa kwa lazima, kwa sheria ya vita, kwenda kuzalisha katika mashamba ya watu binafsi. Asiyewahi kuiona kazi hiyo asidhani ni kufyeka majani. Mkata mkonge huingia shambani alfajiri, hukata majani ya chini, huondoa mwiba wa ncha kwa pigo moja, hufunga vitita vya majani 30 na kuvipanga kando ya njia ili vipelekwe korona. Utomvu unawasha, mwiba unatafuta jicho. Huko korona nyama ya jani inakwanguliwa, nyuzi zinaanikwa, zinapigwa brashi na kufungwa marobota, kisha enzi hizo marobota yalibebwa na matishari hadi meli zilizotia nanga katikati ya ghuba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, ile wazee wanayoikumbuka kwa jina la Silabu.

Wasiokwenda mkongeni walikwenda Keya, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini. Wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Bama. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Na miaka hiyohiyo, karani mmoja wa forodha, mzaliwa wa Vibambani, Machui, aliyewahi kutumikia Pangani, alikuwa akivifuatilia vita hivi kwa makini kuliko maofisa wengi. Shaaban Robert alivitungia utenzi wa beti maelfu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945. Kwake, kumpinga Hitler kulikuwa kupigania uhuru, na hakuona kwa nini uhuru uwe na mipaka ya bahari.

Churchill aliona. Agosti 1941 yeye na Rais Roosevelt wa Marekani walitangaza Mkataba wa Atlantiki, uliosema kila taifa lina haki ya kuchagua serikali yake. Haikupita hata mwezi mmoja akalieleza Bunge kwamba wao waliwakusudia kwanza watu wa Ulaya waliokuwa chini ya Wanazi. Novemba 1942 akatangaza kwamba hakuwa Waziri Mkuu ili asimamie kuvunjwa kwa himaya ya Uingereza. Kwa hiyo manamba aliyekata mkonge Muheza na askari aliyetambaa kwenye tope la Bama walikuwa wakipigania ahadi ambayo mwenye kuitoa alikwisha kuwaengua. Uhodari wake wa 1940, Uingereza ilipobaki karibu peke yake mbele ya Hitler, haukanushiki, na dunia ilinufaika nao. Uhuru wetu haukuwa sehemu ya hesabu yake.

Alirudi madarakani Oktoba 1951. Mwaka uliofuata serikali yake ilitangaza hali ya hatari Kenya. Huku kwetu TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, yeye akiwa bado Waziri Mkuu, na Machi 7, 1955 Julius Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kueleza kwamba Tanganyika inataka kujitawala. Churchill alijiuzulu Aprili 5 mwaka huo, kwa uzee na maradhi.

Aliaga dunia Januari 24, 1965, Tanganyika ikiwa huru kwa miaka mitatu na ushei, na Kenya na Uganda zikiwa huru pia. Shaaban Robert alikuwa ametangulia, Juni 1962, akazikwa Machui. Utenzi wake ulichapishwa 1967, mwaka uleule serikali ilipotaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge.