Hesabu ya Mavuno: Kodi, Bei ya Ardhi na Urithi wa Mkulima

1. Utangulizi

Mzee mmoja wa usharika niliouhudumia kabla ya kuitwa kufundisha alinijia siku moja baada ya ibada. Dalali alikuwa amemfikia mara tatu. Shamba lake la kahawa na migomba, alilorithi kwa baba yake, sasa lilikuwa kando ya barabara ya lami, na fedha aliyoahidiwa ilizidi yote aliyopata kwa kahawa tangu alipooa. Wanawe walitaka auze. Aliniuliza hivi: “Mchungaji, nikikataa, je, nawadhulumu watoto wangu? Na nikikubali, je, namkosea baba yangu?” Nilimjibu kwa sala, kwa kuwa sikuwa na jibu lingine.

Makala hii ni jaribio la kumjibu kwa njia ya historia. Hoja yake ni kwamba ardhi ina bei mbili. Ya kwanza huhesabiwa kwa mavuno ambayo ardhi hiyo yaweza kutoa. Ya pili huhesabiwa kwa fedha ambayo mgeni yuko tayari kulipa. Bei hizi mbili zinapoachana, na hasa serikali inapotoza kodi kwa kuifuata bei ya pili, mkulima huweza kupoteza shamba pasipo mtu yeyote kuvunja sheria. Tutaanza na Maandiko na Luther, kisha tutaiangalia nchi ambayo jambo hili limeonekana wazi kuliko nyingi, yaani Marekani, na mwisho tutarudi kwa yule mzee.

2. Ushuhuda wa Maandiko

Sheria ya Yubile katika Law. 25 husomwa mara nyingi kama sheria ya kurudisha ardhi. Hata hivyo aya ya 15 na ya 16 zina neno ambalo wahubiri wengi hulipita. Zinaagiza kwamba bei ya shamba ipande au ishuke kwa kadiri ya miaka iliyosalia hadi Yubile, kwa sababu kinachouzwa hasa ni idadi ya mavuno. Ardhi yenyewe ni ya Bwana (aya ya 23); mwanadamu hawezi kuuza zaidi ya majira ya kupanda na kuvuna. Kwa sheria hiyo bei ya pili haikuwa na mahali pa kusimama.

Katika 1 Fal. 21 Ahabu hakuanza na wizi. Alianza na pendekezo ambalo mthamini yeyote angeliona kuwa la haki: shamba lililo bora zaidi, au fedha kwa thamani yake. Nabothi alikataa kwa sababu jambo aliloulizwa halikuwa la bei. Lilikuwa la urithi wa baba zake. Damu ilikuja baadaye, nayo ilipatikana kwa barua zenye muhuri, mashahidi wawili na baraza la wazee. Kila hatua ilivaa vazi la sheria.

Neh. 5 yakaribia zaidi somo letu. Watu wanamlilia Nehemia kwa malalamiko matatu: wengine hawana nafaka, wengine wameweka rehani mashamba na nyumba kwa ajili ya njaa, na wengine wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Kodi ya Uajemi ilidaiwa kwa fedha, lakini shamba huzaa nafaka, zabibu na mafuta. Katika pengo hilo kati ya fedha na mavuno ndipo mkopeshaji aliposimama, naye alikuwa ndugu Myahudi. Nehemia hakuweza kuifuta kodi ya mfalme. Aliwakemea wakuu, akawataka warudishe mashamba siku ile ile, na yeye mwenyewe akaacha posho ya uliwali iliyokuwa haki yake. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalihitaji mwishoni.

3. Luther na fedha isiyoijua mvua ya mawe

Wakati wa Luther ulikuwapo mkataba ulioitwa Zinskauf. Mwenye fedha alimpa mkulima kiasi fulani, na kwa malipo hayo alinunua haki ya kupokea pato la kila mwaka kutoka katika shamba. Kanisa liliukubali kwa kuwa haukuitwa mkopo. Luther aliuchunguza katika hotuba yake ndefu juu ya riba ya mwaka 1520, ambayo aliiambatanisha tena na maandishi yake juu ya biashara mwaka 1524. Hakuukataa moja kwa moja, ila alidai kwamba pato litokane na kipande cha ardhi kinachojulikana, na kwamba mnunuzi abebe hatari zote anazobeba mkulima: moto, mvua ya mawe, mafuriko na wanyama waharibifu. Ardhi isipozaa, naye asipokee. Fedha isiyobeba hatari hiyo, kwake Luther, ilikuwa riba iliyojificha.

Tukiongeza maelezo ya amri ya tisa katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, tunapata mafundisho kamili. Luther aonya juu ya kuupata urithi au nyumba ya jirani kwa hila iliyovaa sura ya haki, kisha atuagiza tumsaidie jirani kubaki na kilicho chake. Kwa Luther, basi, kutokunyang'anya hakutoshi. Kusaidia ni sehemu ya amri.

4. Bonde la Santa Clara

Nimeichagua Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, huko kodi ya mali isiyohamishika ni nguzo ya serikali za mitaa: hulipia shule, barabara na zimamoto, na kwa desturi hukadiriwa kwa bei ambayo mali ingeuzwa sokoni. Pili, historia ya wakulima wale si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1920 Sinodi ya Augustana, kanisa la Walutheri wa Marekani wenye asili ya Uswidi, ilituma wamisionari wake Kilimanjaro na kisha Iramba. Sehemu kubwa ya sadaka zilizowaleta zilitoka kwa watu waliolima mahindi na ngano na kufuga ng'ombe. Kwa hiyo Kanisa letu lina deni kwa mashamba yale.

Bonde la Santa Clara, kusini mwa San Francisco katika jimbo la California, lilikuwa mojawapo ya maeneo makubwa ya matunda duniani. Plamu zilizokaushwa na aprikoti za bonde lile zilisafirishwa mbali sana. Mwaka 1950 mji wa San Jose ulikuwa na watu 95,000 hivi na eneo la maili za mraba 17. Kufikia mwaka 1970 watu walizidi 440,000, na eneo lilizidi maili za mraba 130. Mji ulipanuka kwa kuyameza mashamba, na leo ulimwengu unalijua bonde lile kwa viwanda vya kompyuta.

Mkulima mwenye miti ya plamu alibanwa mara mbili. Jirani yake alipouza kwa kampuni ya kujenga nyumba, mthamini wa kaunti aliitazama bei ile na kuiandika pia kwenye shamba la yule ambaye hakuuza. Kisha familia zilizohamia katika nyumba mpya zilihitaji shule na barabara, na kiwango cha kodi kikapanda ili kuzilipia. Miti yake ilizaa kama mwaka uliotangulia, lakini alidaiwa kana kwamba ameshaotesha nyumba. Huyu alitozwa kodi kwa utajiri ambao angeupata tu siku ile atakapoacha kuwa mkulima. Ndiyo maana wengi waliuza wasipotaka kuuza, na kila aliyeuza alimwongezea mzigo aliyesalia.

5. Dawa na madhara yake

Jimbo la kwanza kutafuta dawa lilikuwa Maryland, ambalo mwaka 1956 lilitunga sheria ya kukadiria shamba kwa matumizi yake ya kilimo badala ya bei ya soko. New Jersey ilifuata mwaka 1964. California ilipitisha Sheria ya Williamson mwaka 1965, na mwaka 1966 wapiga kura wakairekebisha katiba ya jimbo ili kuiruhusu. Chini ya sheria hiyo mwenye shamba huweka mkataba na kaunti wa miaka 10, unaojirudia kila mwaka, kwamba hatajenga mji juu ya ardhi ile; nayo kaunti humtoza kodi kwa kadiri ya mapato ya kilimo. Takriban ekari milioni 16 ziliingia katika mpango huo. Mwaka 1976 serikali ya shirikisho nayo iliruhusu shamba la familia likadiriwe hivyo hivyo katika kodi ya mirathi, kwa sharti kwamba warithi waendelee kulima.

Msomaji wa Mambo ya Walawi atatambua kilichotokea. Bila kulitaja Andiko, mabunge haya yalirudi katika kanuni ya aya ya 16: hesabu mavuno.

Hata hivyo historia haituruhusu kuimba zaburi ya ushindi. Sheria hizi zilimlinda mkulima, lakini zilimlinda pia mlanguzi. Huko Florida makampuni ya ujenzi yalijifunza kuweka ng'ombe wachache juu ya ardhi inayosubiri mji, yakalipa kodi ya mfugaji hadi siku ya kuuza. Mwaka 1978 wapiga kura wa California, karibu theluthi mbili, walipitisha Pendekezo la 13, lililoweka kodi kuwa asilimia 1 ya thamani na kuzuia thamani hiyo isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi mali iuzwe. Wazee waliokuwa na hofu ya kupoteza nyumba zao walipumua. Lakini mnunuzi mpya alianza kulipa kwa bei aliyonunulia, hata ikawa majirani wawili wenye mali sawa wanalipa kodi zilizo mbali kabisa. Na kaunti zilizopoteza mapato kwa Sheria ya Williamson zilitegemea ruzuku ya jimbo. Mwaka 2009 karibu ruzuku yote ilikatwa.

6. Bei si baraka daima

Mtu aweza kusema: bei ikipanda, si mwenye shamba ndiye anayetajirika? Iowa yajibu. Mwaka 1981 ekari moja ya shamba huko ilikuwa na bei ya wastani ya dola 2,147. Benki zilikopesha kwa dhamana ya bei hiyo, na wakulima walikopa ili kununua zaidi. Kisha riba zilipanda sana, mauzo ya nafaka nchi za nje yakapungua, na mwaka 1986 ekari ile ile ilikuwa dola 787. Deni halikushuka pamoja na ardhi. Mashamba yalipigwa mnada. Mbele ya mahakama za kaunti wakulima walisimamisha misalaba myeupe kwa ajili ya mashamba yaliyopotea. Fedha ya mkopeshaji, kama ile aliyoikemea Luther, haikuijua mvua ya mawe.

Leo hatari ni ya upande mwingine. Mwaka 2023 bei ya wastani katika Iowa ilifikia dola 11,835 kwa ekari. Shamba la ekari 320, ambalo kwa kilimo cha kule si kubwa, lilithaminiwa hivyo kuwa zaidi ya dola milioni 3.7. Kijana asiyerithi atalinunuaje kwa mahindi? Mashamba ya Marekani yalikuwa milioni 6.8 mwaka 1935. Sensa ya kilimo ya mwaka 2022 ilihesabu takriban milioni 1.9, na umri wa wastani wa wakulima ulikuwa miaka 58. Sababu ni nyingi, mashine zikiwamo. Lakini kila mchungaji ajua kwamba familia zikiondoka, batizo hupungua kwanza, kisha kwaya hunyamaza, kisha mlango wa kanisa hufungwa.

7. Hitimisho

Hali yetu si sawa na yao. Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, nasi tunamiliki haki ya kuitumia. Lakini sheria za ardhi za mwaka 1999 zimetambua kwamba haki hiyo ina thamani, na soko halikusubiri. Shamba likikaribiwa na mji, halihesabiwi tena kwa magunia wala kwa mikungu. Huhesabiwa kwa viwanja vya ishirini kwa ishirini. Bei ya pili imefika mlangoni petu.

Historia yatufundisha mambo matatu. Kwanza, kodi yenyewe si dhambi. Shule na barabara ni huduma kwa jirani. Swali ni kama inadaiwa kwa kile ambacho ardhi imezaa au kwa kile ambacho mwenyewe hajakipokea. Pili, sheria njema husaidia, lakini mwenye hila huivaa kama vazi. Ndiyo maana Nehemia alianza na wakuu wa watu wake mwenyewe. Kanisa nalo lina mashamba na viwanja. Tusiwafundishe wazee wetu habari za Nabothi huku kamati zetu za mali zikihesabu kama Ahabu. Tatu, amri ya tisa yadai msaada: mchungaji amfahamu afisa ardhi wa wilaya, ausome mkataba pamoja na mjane kabla hajatia dole gumba, na awakalishe wazazi na watoto pamoja kabla dalali hajawatenganisha.

Na yule mzee? Nilirudi kwake baadaye. Sikumwambia auze wala asiuze, maana Injili haimfungi mtu kwa udongo. Nilimwomba awaite wanawe, nao wahesabu kwa pamoja, si fedha ya dalali tu, bali miaka: shamba lile limewalisha wangapi, na fedha ile italisha wangapi, kwa muda gani. Walihesabu hadi jioni. Sehemu ya chini, isiyo na migomba, iliuzwa ili kumsomesha mjukuu. Iliyobaki inalimwa na binti yake, ambaye hapo mwanzo hakuna aliyemhesabu miongoni mwa warithi.