Nguo Zilizopendwa Zamani katika Nyanda za Juu

Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa redio ikiisha kupiga habari za jioni hupiga nyimbo ziitwazo zilipendwa. Mzee akisikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, huacha kula, akaanza kuwasimulia wajukuu habari za bugaluu, suruali ile iliyobana mapaja ikapanuka miguuni. Na raizoni, viatu vya soli nene. Na nywele zilizochanwa hata zikasimama kama kichaka. Kisha huwatazama wale watoto, akasema, “Sisi tulivaa. Ninyi mwajifunga matambara.” Sisi waalimu twalisikia neno hili mara nyingi, wala hatuna nia ya kumcheka mzee. Lakini tumeona vema kuzifuata habari za nguo za nchi yetu mpaka nyuma, maana afanyaye hivyo huona jambo la ajabu: vazi linaloliliwa na kizazi kimoja mara nyingi ndilo lililokemewa na kizazi kilichokitangulia.

Hapo kale, pande za Rungwe na Kyela, Wanyakyusa walitumia nguo za magome ya miti yaliyopondwa hata yakalainika, nao walijipamba kwa pete za shaba na chuma kiunoni. Kwa upande wa Ufipa na bonde la Rukwa walikuwako wafumaji wa pamba, na nguo yao yaitwa seketa. Kisha misafara ya pwani ikaleta merikani. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani, ikashushwa Unguja tangu miaka ya 1830, ikachukuliwa vichwani mwa wapagazi hata bara. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hata 1865, nguo yao ikaadimika, viwanda vya Uingereza na Bombay vikashika biashara; lakini jina la merikani halikubadilika. Pamoja nayo ilikuja kaniki ya India, yenye rangi ya nili iliyokaribia weusi.

Mgolole wa Wahehe ni shuka pana la namna hiyo, nguo ya pamba inayopitishwa begani ikaning’inia mpaka chini. Leo katika sherehe za Iringa mgolole huitwa vazi la jadi, na mzee aliyeuvaa husimama kwa heshima kubwa. Nasi twakubali kuwa ni vazi la jadi. Ila yafaa tukumbuke ya kuwa njia yake ilianzia bandarini.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, na wale wa Berlin wakaja katika nchi ileile mwaka uo huo. Tangu hapo nguo ya pamba ikawa alama. Aliyevaa shati au gauni alidhaniwa kuwa msomaji, na aliyevaa magome alidhaniwa kuwa mtu wa mambo ya kale. Hata kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walipokaa kwa Wanyakyusa kuandika desturi zao, nguo bado ilitenga watu namna hiyo. Siku zile vijana walikuwa wakienda kwa wingi kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Walirudi na mablanketi, makoti, kofia na viatu. Baba aliyekuwa na ng’ombe na mashamba ya migomba alimwona mwanawe akija amevaa kuliko yeye, na mambo yakaanza kuharibika nyumbani, maana zamani mali yote ilikuwa mkononi mwa wazee.

Huyo Wilson alikwenda baadaye Broken Hill, mji unaoitwa sasa Kabwe, akachunguza jinsi wafanyi kazi wa migodini walivyotumia mishahara yao. Akaona ya kuwa sehemu kubwa ya fedha zao ilikwenda katika nguo. Wazungu wengine walidhani ni upuuzi. Sisi twadhani watu wale hawakukosa akili: mjini hawakuruhusiwa kufuga ng’ombe wala kumiliki shamba, basi utajiri wao waliuweka mahali ulipoweza kuonekana na kuchukuliwa mpaka nyumbani, yaani mgongoni.

Hatuwezi kunena habari za mavazi tukaacha ngoma, kwa maana mavazi mapya yalionyeshwa ngomani. Tangu miaka ya 1890 watu wa pwani walicheza beni, wakiiga bendi na kwata za askari wa Kizungu. Walijigawa katika vyama viwili vilivyoshindana sana, Marini na Arinoti, kila kimoja na wakubwa wake wenye vyeo kama mfalme, gavana na jenerali. Vita vya 1914 hata 1918 vilieneza beni bara. Askari na wapagazi waliipeleka kila kambi, na Waingereza walipotwaa Tukuyu na Iringa mwaka 1916 nchi yetu yote ilikuwa njia ya majeshi. Kando ya Ziwa Nyasa zikatokea ngoma za ukoo huo, malipenga na mganda, za kucheza kwa mistari iliyonyoka, vijana wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wakipuliza vibuyu badala ya tarumbeta.

Serikali iliiogopa beni, isijue kama ni mchezo au ni shauri la siri. Wamisionari nao waliikataza, wakisema yapoteza fedha na siku za kazi. Hata hivyo haikukoma upesi. Mwaka 1951, huko Luanshya katika migodi ya shaba, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliwakuta vijana wa Kibisa wakicheza kalela, ngoma ya namna hiyohiyo. Walivaa mashati safi, suruali zilizopigwa pasi na viatu vya kung’aa. Kati yao alikuwako mwanamke aliyevaa nguo nyeupe za muuguzi, mwenye kioo na leso, akiwapitia wachezaji ili wawe nadhifu. Kazi yake ilikuwa unadhifu. Wanyakyusa wengi walikuwa migodini miaka hiyo, nasi hatushangai kuwa waliorudi walijua sana kupiga pasi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia makabuti ya jeshi yalitapakaa. Katika baridi ya Njombe na Mufindi hayo hayakuhitaji sifa za mtu.

Tukafika wakati wa uhuru, na huko twisti, na gauni fupi, na suruali za kubana zilizoitwa taiti. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, ya kuanza tarehe 1 Januari 1969. Gauni fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana zilipigwa marufuku katika mji wa Dar es Salaam, kwa kuwa si utamaduni wetu. Hata kabla ya siku hiyo kufika, makundi ya vijana wa kiume huko Kariakoo yaliwazuia wasichana njiani na kuwashambulia kwa sababu ya nguo zao. Magazeti yakajaa barua, wengine wakisifu, wengine wakiuliza mbona suti na tai ya ofisini haikuhesabiwa kuwa ya kigeni. Swali hilo kwetu ni zuri, wala hatujaona likijibiwa. Tena miaka iyo hiyo, huko kaskazini, Wamasai waliambiwa waache lubega wavae suruali. Basi huku msichana alikosa kwa kuvaa kigeni, na kule Mmasai alikosa kwa kuvaa kienyeji.

Majirani zetu wa Malawi walikuwa wakali kupita sisi. Sheria yao ya mwaka 1973 iliwakataza wanawake gauni fupi na suruali, na bugaluu nazo zilikatazwa wanaume, hata ikafutwa miaka ya 1990. Msafiri aliyetoka Kyela akitaka kuvuka mto Songwe ilimpasa kujitazama miguuni kwanza.

Lakini kwetu bugaluu zilisitawi, maana reli ya Tazara ilijengwa tangu 1970 hata 1975, ikapita Makambako na Mbeya mpaka Tunduma, na maelfu ya vijana wa vijijini wakapata mshahara. Kijana alinunua redio, saa na bugaluu, akaenda studio kupigwa picha, mkono mmoja kiunoni. Wakubwa wa ofisi walivaa suti za Kaunda. Picha zile zingali ukutani katika nyumba nyingi.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 nguo ziliadimika kabisa. Watu walipanga mstari kwa ajili ya kanga moja, na bugaluu zikatiwa viraka. Tangu katikati ya miaka ya 1980 mlango wa biashara ulipofunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi. Mwanzoni watu waliiita kafa Ulaya, wakiona haya kuivaa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuikomesha, Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru, na Tanzania haikuendelea na shauri hilo.

Sasa katika mabunda yanayofunguliwa sokoni Mwanjelwa zimetokea tena suruali pana chini. Vijana huzigombania, wakaziita bwanga, nao hudhani ni mtindo mpya. Mzee apitaye pale huzishika, akapima upana wake kwa shubiri, akasema zake zilikuwa pana zaidi.