Boma na Msalaba Unyanyembe

Msafara uliotoka pwani ulijua umeingia Unyamwezi ulipofika Tura. Nyuma yake ulikuwa Mgunda Mkali, nyika ya siku nyingi yenye maji ya kubahatisha; mbele kulikuwa na mashamba, vijiji vya matembe na njia ya kwenda Tabora. Richard Burton alipita huko mwaka 1857. Mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza walifuata njia hiyo kuu, watu wa shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers mwaka 1868. Padre Pascal, mmoja wa viongozi wao, alifia njiani.

Nchi waliyofikia ilikuwa bado na mwenyewe. Mtemi Isike alitawala Unyanyembe, eneo la Tabora, tangu 1876, na Waarabu wa Tabora walikuwa na nguvu zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mapadre walijenga Kipalapala, nje kidogo ya mji, wakawaweka humo watoto waliowakomboa utumwani. Watoto hao hawakuwa na ukoo wala mtemi wa kuwadai. Padre ndiye aliyewalisha, akawafundisha, akawaamulia mashauri yao. Huo ulikuwa utawala mdogo ndani ya nchi ya mtawala mwingine, na si ajabu Isike hakuupenda. Mwaka 1889, pwani ikiwa katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, mapadre waliihama Kipalapala.

Wajerumani walipandisha bendera Tabora mwaka 1890, Emin Pasha akiwa mkuu wa msafara. Isike hakuinama. Mwaka 1892 waliishambulia ngome yake wakashindwa kuitwaa. Januari 1893 alikuja Tom von Prince, yule ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, na safari hii ukuta ulivunjwa. Isike alijilipua katika ghala lake la baruti. Mahali pake Wajerumani walimweka Nyaso, mwanamke wa ukoo wa watemi.

Boma na msalaba viliwahi kwenda pamoja kwingineko. Miaka 800 kabla ya kuanguka kwa Isike, mwaka 1093, Wanormani walioiteka Uingereza waliweka msingi wa kanisa kuu la Durham, kaskazini mwa nchi hiyo, karibu na ngome yao. Kaskazini hiyo ilikuwa imechomwa moto na jeshi la Mfalme William katika kipupwe cha 1069 na 1070. Baadaye Askofu Walcher alishika uaskofu na utawala wa eneo kwa pamoja. Wananchi walimuua huko Gateshead mwaka 1080. Aliyekusanya kodi na aliyebariki walikuwa mtu mmoja, na kanisa la mawe liliwakumbusha walioshindwa jambo hilo kila siku.

Unyamwezi mambo yalikwenda tofauti kidogo. Boma lilikuwa la Wajerumani, ilhali mapadre wengi walikuwa Wafaransa. Tena hawakungoja mizinga: Ushirombo ilifunguliwa mwaka 1891, Isike akiwa bado hai. Ndala ikafuata mwaka 1896. Vituo hivyo vyote viwili vilikuwa mbali na Tabora, kwa watemi wadogo waliohitaji rafiki mwenye nguvu. Misheni ya Tabora mjini ilingoja hadi 1900. Wamisionari Waprotestanti wa Moravia nao walipokea Urambo kutoka kwa Shirika la Wamisionari la London mwaka 1898, kisha wakaenda Kitunda na Sikonge.

Mjini kwenyewe serikali ilihitaji askari, makarani na maakida waliojua Kiswahili na kuandika, na wengi wa hao walikuwa Waislamu. Kwa hiyo dola ya Kikristo iliyomwangusha Isike ilisaidia kuusimamisha Uislamu Tabora, jambo ambalo wamisionari walilinung'unikia kwa miaka mingi. Lakini tusiwatoe mapadre katika hesabu ya ushindi huo. Ni bunduki za boma zilizowapa usalama wa kujenga, na ardhi iliyotolewa kwa misheni ilikuwa ya wenyeji. Tofauti na Durham ni kwamba boma liliulinda msalaba bila kuujazia waumini. Kazi hiyo ilifanywa na makatekista Waafrika, kijiji kwa kijiji, na majina ya wengi wao hayatajwi.

Kipalapala ilirudi kuwa mahali pa kanisa: seminari kuu ilifunguliwa hapo mwaka 1925. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Marko Mihayo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu Mkuu wa Tabora.