Umeme ukikatika, hesabu za butiki zisipotee

Umeme wa Kalemie unatoka mbali, kwenye kituo cha Bendera. Ukikatika wakati programu ya butiki inaandika, faili inaweza kuharibika na madeni ya wateja yote yakapotea.

Mwenye kutengeneza programu asiandike juu ya faili ya zamani. Aandike kwanza faili mpya pembeni, ahakikishe imefika kwenye diski, ndipo aipe jina la ile ya zamani.

Njia ingine ni SQLite, ya bure, iliyotoka mwaka 2000. Kuandika pesa na kupunguza stoku vifungwe pamoja: vinaingia vyote viwili, ao hakiingii hata kimoja.

Na kila jioni, kopi moja ilale nje ya butiki.