Kulaza Ndai ya Kila Siku Kitale na Bungoma: Hewa, Nguvu, na Chapaa Inaenda Wapi

Unajua ile Mark X huona kwa simu, imelala hadi bumpa inabusu lami, halafu mwenyewe anafinya kidude na ndai inaamka pole pole, pshhh? Sasa unaangalia hiyo video ukiwa kwa geti ya kwenu Kwanza. Mbele yako kuna murram, tuta lenye wanakijiji walijiwekea, na trekta ya mahindi imeacha mtaro katikati ya njia. Swali ni moja tu: hiyo kitu inaweza kuishi huku, kwa ndai unaendesha kila siku?

Inaweza, buda. Lakini ukiweka hewa na nguvu kabla ya breki na tairi, umeezeka mabati kwa nyumba haina ukuta. Hii hapa form yote, soma kabla hujatuma pesa kwa mtu.

Shida ya huku ni gani?

Mark X ya pili, ile ya 2009 hadi 2019, iko juu ya ardhi kama sentimita 15 hivi. Kwa lami ya Kitale kuenda Webuye hiyo ni sawa. Ukiingia ndani kwa murram msimu wa mvua, tumbo inaanza kukwaruza. Ndio maana wasee wengi huku hawalazi ndai, wanainua. Wanaweka spesa juu ya springi, gari inapanda, maisha inaendelea.

Wengine nao wanataka ilale na hawana pesa, so wanakata springi na grainda. Hapo sikubaliani na mtu. Springi iliyokatwa ni fupi. Ukipita shimo na gurudumu lining'inie, inaweza kutoka kwa kikalio chake na irudi vibaya. Shokapu nayo inabaki bila nafasi ya kufanya kazi, inagonga mwisho kila tuta na inakufa mapema. Ukitaka chini kwa bei ya kawaida, nunua springi fupi za gari yako ama koilova, ile shokapu ya kuzungusha unapanga urefu. Shida ni moja: ukishapanga, umepanga. Huwezi kuinua ukiwa katikati ya barabara ya Endebess.

Na hapo ndio hewa inaingia: chini ukiwa mtaani, juu ukikata kona ya murram.

Saspensheni ya hewa ni nini?

Hii si kitu ya jana. Cadillac waliweka hewa kwa Eldorado Brougham ya 1957. Mercedes S-Class ya 1998 ilikuja nayo. Mabasi mengi makubwa na trela kibao unaona zikielekea Malaba zinabebwa na hewa. Kampuni kama Air Lift ya Michigan, Marekani, iko kwa biashara hii tangu 1949.

Unatoa springi ya chuma, unaweka mfuko wa mpira mgumu kila gurudumu. Usichanganye na ile mifuko ya ajali kwa usukani. Kit nzima ina hivi:

- Mifuko minne, mmoja kila kona, pamoja na shokapu zake. Mfuko unabeba uzito, shokapu inatuliza mtikisiko. Mtu akikuuzia mifuko juu ya shokapu imechoka, ndai itaruka ruka kama bodaboda bila mzigo.
- Kompresa moja ama mbili, zinavuta hewa kwa nguvu ya betri.
- Tangi, mara nyingi kama lita 19, linaweka hewa tayari ndio usingoje kompresa.
- Valvu na paipu za kupeleka na kutoa hewa kila kona.
- Kidhibiti, ile skrini ama app. Aina moja inasoma presha pekee. Nyingine ina sensa za urefu, so ukibeba wasee watano bado gari inarudi pale pale uliipangia.

Tangi hukaa kati ya psi 150 na 200. Mfuko wenyewe ukiendesha uko chini ya hapo sana, mara nyingi kati ya psi 40 na 80, inategemea gari na uzito. Ukiongeza presha gari inapanda na inakuwa ngumu. Ukitoa yote, inalala kabisa, na hapo ni ya kupigwa picha tu. Usiendeshe ikiwa sifuri, tairi itakula fenda na mfuko utajikunja vibaya.

Hewa inakufa vipi huku kwetu?

*Maji.* Hewa ina unyevu, na ukiibana yanabaki maji ndani ya tangi. Msimu wa mvua Trans Nzoia ni mrefu. Weka kichujio cha maji kabla ya tangi, na fungua nati ya chini umwage angalau kila mwezi. Usipofanya hivyo, kutu inaingia kwa valvu na asubuhi unapata gari imelala upande mmoja.

*Vumbi na mawe.* Mfuko ukiguswa na tairi ama chuma, vumbi ya murram inafanya kazi ya msasa. Siku ya kufunga, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari ikiwa chini na ikiwa juu. Mfuko usiguse kitu. Paipu nazo zipite mbali na ekzosti na zifungwe vizuri, zisining'inie pale mawe hugonga.

*Umeme.* Kompresa inakula umeme kinoma. Inataka waya nene, rilei na fyuzi karibu na betri. Waya wa redio hautoshi, utawaka.

*Kuvuja.* Kupata penye inavuja hauhitaji mashine. Tumia maji ya sabuni, vile fundi wa pancha hufanya. Penye povu inachemka, ndio hapo. Kata paipu na kisu maalum cha paipu, wembe unaacha mdomo umepinda na hewa itatoka kila siku.

Halafu kuna hii, isome mara mbili: usiingie chini ya gari inabebwa na hewa pekee. Valvu ikifunguka ama paipu ikichomoka, gari inashuka kwa sekunde moja. Weka stendi za chuma kila wakati. Jeki peke yake pia haitoshi.

Chapaa ngapi?

Kit kamili ya kampuni inajulikana, yaani mifuko, shokapu, tangi na kidhibiti, huko Marekani inaanza kama dola 3,000 kupanda. Tupige dola kwa shilingi 130: hiyo ni kama laki nne kasoro kidogo, na haijapanda ndege, haijalipiwa ushuru, haijafungwa. Vitu za bei ya chini ziko mtandaoni. Ukienda huko, punguza mahali pengine lakini si kwa mifuko na paipu.

Cheki pia kama inaingia. Mark X iliuzwa Japani, na China kwa jina la Reiz, so kit nyingi za Marekani hazina jina lake. Ni ya ukoo mmoja na Lexus IS na GS, lakini ukoo sio pacha. Mpe muuzaji chassis code, GRX120 ama GRX130, na akuambie kwa maandishi kwamba inaingia kabla ulipe.

Na kumbuka tangi linakaa kwa buti. Kama fundi atakuambia toa tairi ya spea ndio litoshe, kataa. Pancha saa mbili usiku kati ya Kwanza na Endebess haitajali ndai yako inalala vipi.

Nguvu: Kitale inakukata kabla uanze

Mimi physics niliikimbia hadi college nikaachana nayo, lakini hii moja ilinishika. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari. Presha ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Bungoma, mita 1,400 hivi, ni kama asilimia 85. Injini bila turbo inavuta hewa hiyo hiyo hafifu, na nguvu inashuka karibu kiwango hicho.

Mark X ya 2.5 ya 2009 kuendelea ina farasi 203 kwa karatasi. Kitale ziko kama 160 na kitu. So ukiweka ekzosti kubwa na filta ya hewa ya rangi nyekundu, unapata kelele na labda farasi wachache, si zile 40 mlima umechukua. Ukitaka kuonja nguvu kwa hii ndai, ile ya 3.5 ilitoka kiwandani na farasi 318. Kununua hiyo tangu mwanzo ni rahisi kuliko kulazimisha 2.5.

Turbo ni story nyingine, kama Subaru Impreza WRX ama Legacy ya turbo. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, so mlima hauikati sana. Lakini inazunguka kwa kasi zaidi kufikia presha ile ile, na joto linapanda. Ongeza hapo stori ya mafuta: Japani mafuta ya daraja la juu huwa na okteni hadi 100, na gari nyingi za turbo za huko zilipangwa na hayo. Ukibadilisha programu ya kompyuta ya injini, ipangwe na petroli unanunua Kitale ama Kanduyi. Ukichukua faili ya mtu wa mtandaoni, injini itaanza kugonga ndani, na Subaru za EJ25 turbo zinajulikana kwa kuvunja pistoni hapo kwa ringi. Hiyo ni injini nzima imeenda.

Kwa 2.5 ya Mark X nguvu ya bei rahisi iko kwa usafi: plagi mpya, filta, oili kwa wakati, na kusafishwa kaboni kwa valvu, juu injini hii inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda na haioshi valvu zake. Wengi wanatafuta farasi wapya na wale wa zamani wamelala kwa uchafu.

Anza na nini?

1. Mpira na vyuma vya chini. Bushi, boljointi, shokapu. Gari inayumba usiilaze.
2. Tairi. Soma namba nne za mwisho za DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi imezeeka inateleza hata kama meno iko.
3. Breki. Ukitoka 80 hadi 110, kasi imepanda kidogo zaidi ya theluthi lakini nguvu breki inafaa kumeza imekaribia mara mbili. Pedi nzuri, diski nzima, mafuta ya breki mapya kila miaka miwili, juu yanavuta maji na yakichemka pedo inazama. Ukiwa unashuka Kamukuywa, pale watu wengi wameachia maisha, na lori ya miwa imejitokeza mbele, hakuna farasi itakusaidia.
4. Hewa ama koilova. Halafu alainmenti, ikifanywa kwa urefu ule unaendesha nao kila siku, si ule wa picha. Ukilala, magurudumu yanaegemea ndani na tairi inaliwa upande.
5. Nguvu. Mwisho kabisa.

Pesa ikiisha kwa namba tatu, hujapoteza. Una ndai inashika barabara na inasimama. Pesa ikiisha ukiwa umeanza na namba tano, una ndai inakimbia na haisimami.

Sanse, logbook na bima

Ukibadilisha injini ama rangi, logbook lazima ibadilike, so pitia NTSA. Ukitoa sailensa, kuna sheria za trafiki na kuna kanuni za kelele za 2009 chini ya sheria ya mazingira. Mtaani kasi ni 50, hata ndai ikiwa na turbo mbili.

Bima ndio wengi husahau. Iambie kampuni yako kwa maandishi umeweka nini na ni ya bei gani. Usipowaambia, siku ya ajali wanaweza kukataa kulipa, na hata wakilipa, watalipa Mark X ya kawaida. Ile laki nne ya hewa itabaki stori ya kupigia mbogi.

Ukishafunga, kila wiki

- Asubuhi kabla uwashe, angalia kama kona moja imeshuka usiku.
- Sikiliza kompresa. Ikiwaka kila dakika chache ukiwa umesimama, kuna mahali inavuja.
- Ngoja presha ifike kabla utoke kwa geti. Dakika moja, mbili.
- Beba paipu kidogo, viungio viwili, kisu cha paipu na geji. Paipu ikipasuka Misikhu, unakata, unaunganisha, unaenda.
- Punguza mwendo murram ikianza, halafu inua. Si baada ya kusikia kwaru.

Mtu akikuuliza kama inafaa kwa gari ya kwenda job na kubeba mathe hospitali, mwambie inafaa kama una pesa ya kuinunua na pesa nyingine ya kuitunza. Kama una ile ya kwanza tu, weka tairi na breki, osha ndai Jumamosi, na uende nayo mdogo mdogo. Hakuna mtu atakucheka ukifika.