Nakshi za Bunduki za Gumegume: Kukatika na Kurejea kwa Uanagenzi nchini Marekani

Bunduki ndefu za gumegume zilizotengenezwa Pennsylvania katika karne ya 18, nyingi na mafundi wenye asili ya Kijerumani wa Lancaster na viunga vyake, hutambulika kwa kisanduku cha shaba kilichopachikwa kitakoni. Humo mwindaji alihifadhi vitambaa vya mafuta vya kuzungushia risasi. Juu ya kifuniko fundi alichonga majani na mizunguko kwa kalamu ya chuma kigumu, akiisukuma kwa kiganja au kuigonga kwa nyundo nyepesi. Msingi wa kazi hiyo si kuchora bali kunoa: ncha yenye pembe isiyofaa huteleza, na mkwaruzo mmoja huharibu kifuniko kizima. Jambo hilo mwanagenzi hulipata akiwa kando ya fundi, na kwa shida sana kitabuni.

Viwanda vya karne ya 19 viliukata urithishaji huo. Silaha zilibaki makumbushoni, walimu walikwisha. Katika miaka ya 1960 Wallace Gusler, fundi bunduki wa Colonial Williamsburg, Virginia, alijifunza kwa kiasi kikubwa kutokana na silaha kongwe zenyewe, yaani kwa kusoma alama za zana ya marehemu. Filamu ya mwaka 1969 inamwonyesha akitengeneza bunduki nzima, tangu kufua mtutu. Ni hati adhimu, ingawa kamera haioni uzito wa kiganja. Pengo hilo lilizibwa na karakana: Gary Brumfield aliingia humo kujifunza, na baadaye akaiongoza.