Kabla ya PhD: Jane, Mpemba na Mzee Hilali

Nilikuwa kimya, kazi za gazeti zilinibana. Leo naomba tuongee historia, ila ni historia inayotugusa sisi wenyewe, hasa wale ambao kila tukikaa kijiweni hapa Elerai mazungumzo yanaishia kwenye fomu za kuomba PhD nje. Kinachowatoa watu jasho siyo GPA. Ni lile swali la uzoefu wa utafiti: umewahi kutafiti nini, na nani atakuandikia barua kuthibitisha hivyo?

Mfano unaotajwa sana umetokea hapa hapa kwetu. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, alifika Kenya mwaka 1957 akiwa amesomea ukatibu muhtasi tu. Louis Leakey alimwajiri kwenye makumbusho ya Nairobi, na mwaka huo huo akamchukua kwenda kuchimba Oldupai. Tarehe 14 Julai 1960 akashuka Gombe, Kigoma, pamoja na mama yake, maana wakoloni walikataa binti akae porini peke yake. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwona sokwe akichomeka jani kwenye kichuguu na kuvuta mchwa wa kula. Mpaka hapo wataalamu waliamini kutengeneza na kutumia zana ni kazi ya binadamu. Mwaka 1962 Cambridge wakampokea kusoma PhD bila shahada ya kwanza, na mwaka 1966 akawa daktari.

Mtu akisoma hapo atasema basi, ukiwa na bidii inatosha. Taratibu kwanza. Bidii ya Jane ilikuwa na Leakey nyuma yake, mtu wa kutafuta fedha na kuongea na Cambridge kwa niaba yake. Mtazame Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha 3 pale Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, na yeye kwa haraka ya kuwahi nafasi akaweka maziwa kwenye friza yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa darasa zima. Ni mpaka alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, ndipo mtu mzima mmoja alipokubali kwenda kujaribu maabara. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala, jina la Mpemba likiwemo. Dunia nzima inaliita jambo lile kwa jina lake, na wanafizikia bado wanabishana kama kweli lipo! Lakini yeye wakati makala inatoka alikuwa Mweka anasomea wanyamapori, na huko ndiko alikofanyia kazi.

Sasa turudi Gombe, kwenye sehemu inayoniuma mimi. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakateka vijana wanne wa kigeni waliokuwa wakifanya utafiti pale. Baadaye waliachiwa, ila wanafunzi wa nje wakaondoka Gombe. Utafiti haukufa. Uliendelea mikononi mwa Watanzania waliokuwa wakiwafuata sokwe mlimani tangu alfajiri na kuandika kwa Kiswahili. Kati yao alikuwa Hilali Matama, ambaye Januari 1974 alishuhudia madume wa kundi moja wakimshambulia Godi wa kundi la pili, mwanzo wa vita ya sokwe iliyoshangaza dunia. Madaftari hayo yalitafsiriwa, yakaenda kuhifadhiwa Marekani, kwanza Minnesota halafu Duke, na PhD nyingi zimetoka humo. Kwa kipimo cha fomu zetu, Mzee Hilali alikuwa na uzoefu kuliko karibu kila aliyeomba.

Ndiyo maana nawasumbua washikaji zangu. Arusha hii tuna bahati ya watafiti: Tengeru kuna Nelson Mandela, Njiro kuna TAWIRI, na wageni wanapita kila msimu. Mgeni anahitaji kibali cha COSTECH na mwenyeji wa kushirikiana naye. Vijana wetu wanapata kazi ya kujaza madodoso vijijini, wanalipwa kwa siku, wanatia saini ya posho, mchezo umeisha. Ripoti ikitoka hawaijui hata kichwa chake. Ulizia mapema, kabla ya posho: naruhusiwa kuchambua hizo data, au kazi yangu ni kuzibeba tu? Jina langu linaingia wapi? Utaandika barua? Ukiona mtu anakasirika kwa maswali hayo, umeshajua barua yake ingekuwaje.

Na wa historia kama mimi hatuhitaji hata maabara. Mwaka 1951 Wameru karibu 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki kupisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapeleka kesi Umoja wa Mataifa, New York. Aliyekuwa na miaka 10 siku ile nyumba zinachomwa sasa ameshapita 80. Kitabu kinachotegemewa sana kuhusu Waarusha na Wameru kimeandikwa na Mmarekani, Thomas Spear, mwaka 1997. Ni kizuri, sina ugomvi nacho, ila wazee wanaondoka.

Jumamosi ijayo napanda Engare Nanyuki na kinasa sauti. Mwenye babu au bibi aliyekuwepo, tafadhali aniandikie.